Chaja ya simu iliyoiziba GPS

Wiki iliyopita dereva mmoja wa watalii aliingiza Land Cruiser kwenye karakana yangu hapa Njiro. "Fundi, traka imekufa. Bosi bado ananiona nipo Karatu." Traka, kile kifaa cha GPS kinachomwonyesha bosi gari lilipo, ilikuwa nzima. Nilichomoa chaja ya simu iliyobanwa pembeni ya antena, tukanywa chai, gari likajitokeza Arusha kwenye ramani.

Setilaiti zote za GPS hutuma ishara zake za kiraia kwenye masafa yale yale, megahezi 1575.42, kwa wakati mmoja. Kinachozitenganisha ni msimbo: kila moja ina mfuatano wake wa vipande 1023 vya sifuri na moja, unaojirudia kila milisekunde. Wengi hufananisha jambo hili na kuitambua sauti ya mama yako katikati ya soko la Kilombero. Mfano huo siupendi. Sokoni mama lazima asikike. Ishara ya setilaiti ikifika huku chini ni dhaifu kuliko kelele ya kipokezi chenyewe, tena kwa makumi ya mara.

Kinachoiokoa ni kujumlisha. Chipu hujitengenezea nakala ya msimbo kwa rejista mbili, yaani safu za visanduku vya biti, za hatua kumi kumi tu, kisha hulinganisha kipande kwa kipande na kinachoingia: vikifanana ongeza moja, vikipishana toa moja. Nakala ikikaa sawasawa, ishara hujikusanya mara 1023. Kelele haina upande, hujikata yenyewe, ikaongezeka mara 32 hivi. Isipokaa sawasawa, isogeze kidogo ujaribu tena. Kulinganisha ni kazi ya geti la XOR, sakiti ndogo inayosema kama biti mbili zinafanana au zinapishana, transista chache tu, ndiyo maana kipande cha silikoni kidogo kuliko ukucha hubeba vilinganishi vingi vinavyotafuta kwa pamoja.

Simu za CDMA, ambazo nazo hutumia masafa yale yale na kutenganishwa kwa misimbo, zilisumbuliwa na jirani mwenye kelele: aliye karibu na mnara huwafunika walio mbali. IS-95, mmoja wa mifumo hiyo ya simu, ukawa unaiamuru kila simu ipunguze au iongeze nguvu mara 800 kwa sekunde. Setilaiti zote ziko mbali, zaidi ya kilomita 20,000, hazifunikani hivyo.

Chaja sasa, hiyo hakuna wa kuiamuru. Vipokezi vingi vya bei nafuu hupima wimbi kwa biti moja au mbili: lipo juu ya sifuri au chini? Kelele ya kawaida huyumba karibu na sifuri, kwa hiyo ishara ndogo bado huweza kuugeuza uamuzi mara mojamoja. Chaja ya ovyo ikivuma sentimita mbili kutoka kwenye antena, ndiyo inayoamua kila biti, na setilaiti haina pa kupenyeza kura yake.

Tundu la chaja nimelihamishia siti ya nyuma.