Gundi iliyo ndani ya kidonge: maswali na majibu

Nimefungua bahasha ya parasetamoli nikakuta vidonge vimemeng'enyeka, unga umejaa chini. Ni dawa bandia?

Huwezi kulijua hilo kwa macho. Ila kidonge kizuri kinatakiwa kuhimili misukosuko. Kiwandani vidonge hutiwa kwenye pipa dogo linalozunguka mara 100 kwa dakika 4, likiviinua na kuvidondosha kila mzunguko. Kisha hupanguswa vumbi na kupimwa uzito upya. Vikipungua zaidi ya asilimia 1, au hata kimoja kikipasuka, havijafaulu. Hivyo ulivyonavyo usivimeze, kwa sababu hujui dozi iliyobaki ni kiasi gani. Virudishe dukani.

Ni nini hasa kinachokishika kidonge kisivunjike?

Ni gundi. Parasetamoli ni unga mkaidi: ukiushindilia peke yake, mashine ikiachia tu, chembe zinajitanua na kidonge kinabanduka juu kama kifuniko. Kwa hiyo wanga wa mahindi au wa muhogo hupikwa ukawa uji mzito, unga wa dawa ukakandwa nao, ukapitishwa kwenye chekeche na kukaushwa. Viwanda vingine hutumia jelatini au povidoni. Aliyewahi kusugua sufuria iliyokaukiwa na uji anaijua nguvu yake. Kila punje hubaki na utando mwembamba, na mashine ikishindilia, utando huo unabonyea na kushikana na wa punje ya jirani.

Basi si waongeze gundi vidonge viwe imara zaidi?

Hapo ndipo penye kazi kubwa. Povidoni, kwa mfano, kwa kawaida huwa asilimia 2 hadi 5 tu. Ikizidi, kidonge kinakuwa kigumu, maji yanachelewa kupenya, na dawa inachelewa kutoka. Mgonjwa amemeza, maumivu yako palepale. Ndiyo maana kuna kipimo cha pili: kidonge cha kawaida kisichopakwa utando wa nje hutiwa kwenye maji ya nyuzi 37 za Selsiasi, joto la mwili, na kinatakiwa kifumuke ndani ya dakika 15. Ili kifumuke, huongezewa kitu kinachovimba kikilowa, na mara nyingi kitu hicho ni wanga uleule, safari hii ukiwa mkavu, haujapikwa. Ukipikwa unashika, ukiwa mbichi unafumua. Mimi naona hakuna jambo zuri kuliko hili katika utengenezaji wa vidonge.

Nyumbani, vidonge vinaharibiwa na nini?

Unyevu. Gundi hizi hunyonya maji, na hewa ya pwani inayo ya kutosha. Viache kwenye pakiti yake, mbali na bafu na jiko.

Mwanangu hawezi kumeza. Nimsagie?

Muulize mfamasia kwanza. Kuna vidonge vya kutoa dawa polepole, vingine kwa saa 12, ambamo kitu cha jamii hiyohiyo ya gundi, kiitwacho haipromelosi, huwekwa kwa wingi makusudi. Kikilowa hugeuka utelezi mzito unaoizuia dawa isitoke kwa pamoja. Ukikisaga, dozi ya nusu siku inaingia mwilini kwa mkupuo, na kwa mtoto hiyo ni hatari kubwa. Uliza kama dawa hiyo ipo ya maji.