Ufunguo hauna kosa, kagua ruhusa za folda

Nasimamia seva za kupokea faili kwa SFTP, yaani njia salama ya kutuma faili mtandaoni ambapo mtumaji anaweza kuingia kwa ufunguo wa kidijitali badala ya nywila, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Ufunguo nimeshauweka, mbona bado naombwa nywila?" Mara nyingi ufunguo hauna kosa lolote.

Ufunguo hutengenezwa kwenye kompyuta ya anayetuma faili, kwa amri hii:

ssh-keygen -t ed25519

Zinatoka faili mbili. Ile yenye .pub mwishoni ni ufunguo wa umma, nayo ndiyo inayopelekwa kwenye seva. Ile nyingine ni ya siri na haitoki kwenye mashine hiyo, si kwa barua pepe, si kwa WhatsApp, wala usiniletee mimi msimamizi. Anayeniletea zote mbili namwambia atengeneze upya, na hapo silegezi. Seva haina haja ya kuuona ufunguo wa siri: kompyuta yako inautumia kutia saini data za kikao husika, kisha seva inaihakiki saini kwa ule wa umma. Nywila, hata ikisafiri imefichwa, lazima ifike mikononi mwa seva, na kama seva ni bandia, imeshaibwa.

Ufunguo nao uulinde kwa nywila yake. Kwa kazi inayojiendesha usiku hakuna mtu wa kuiandika, kwa hiyo hapo naubana upande wa seva: akaunti ya SFTP tu, na neno from= mbele ya ufunguo likitaja anwani ya IP inayoruhusiwa.

Kuupeleka ni rahisi, ssh-copy-id inauandika kwenye ~/.ssh/authorized_keys. Sasa tuje kwenye ruhusa. Seva ikikuta folda ya nyumbani ya akaunti, .ssh au faili hiyo inaweza kuandikwa na watu wengine, inaukataa ufunguo na kurudi kuomba nywila. Mtumaji haambiwi sababu. Sababu iko kwenye logi za seva:

Authentication refused: bad ownership or modes for directory /home/malipo

Tiba yake:

chmod go-w ~
chmod 700 ~/.ssh
chmod 600 ~/.ssh/authorized_keys

Mstari wa kwanza ndio unaosahaulika. Watu wanarekebisha .ssh vizuri kabisa, kumbe kuna aliyeipa folda ya nyumbani 777, yaani ruhusa ya kila mtu kuandika, ili programu ya tovuti iandike humo.

Ukimfungia mtumiaji ndani ya folda moja kwa ChrootDirectory, sheria ni kali zaidi: njia nzima, kuanzia mzizi, iwe mali ya root, msimamizi mkuu wa mfumo, na asiandike mwingine yeyote. Ukikosea, ufunguo unakubaliwa halafu muunganisho unakatika papo hapo. Tengeneza folda ndogo ndani yake, umkabidhi mtumiaji, apakie faili humo.

Ufunguo ukifanya kazi, zima nywila kwa kuandika PasswordAuthentication no kwenye sshd_config, faili ya mipangilio ya seva. Kagua mipangilio kwa sshd -t, na usifunge dirisha ulilomo hadi uingie kwa dirisha jingine. Kisha endesha sshd -T usome thamani inayotumika kweli. Kwenye Ubuntu, faili zilizo ndani ya sshd_config.d husomwa kwanza, na thamani inayotangulia ndiyo inayoshinda, kwa hiyo "no" uliyoiandika chini inaweza isifanye lolote huku mlango wa nywila ukibaki wazi.