Potasiamu 5.6, na bado mwili umepungukiwa: kusoma majibu ya ketoasidosisi

Biokemia hufundishwa kwa mpangilio wa kitabu: wanga, kisha mafuta, kisha protini, vimeng'enya na homoni vikija baadaye. Mwanafunzi wa uuguzi hukariri, hufaulu, halafu wodini anakuta vyote vimebanwa kwenye karatasi moja ya maabara. Basi tuanze na karatasi yenyewe, ya mgonjwa wa ketoasidosisi: damu imejaa ketoni, asidi zinazotokana na mafuta yanayovunjwa insulini ikikosekana. Mgonjwa ana kisukari aina ya kwanza, uzito kilo 60, anatapika tangu jana na anahema kwa kasi na kwa kina. Glukosi 28 mmol/L, sodiamu 132, kloridi 95, bikabonati 8, potasiamu 5.6, ketoni za damu 6. Gesi za damu ya ateri: pH (kipimo cha asidi, hushuka asidi ikizidi) 7.22, kabonidayoksaidi 20 mmHg.

Kabla ya kugusa namba yoyote, kumbuka kwamba majibu haya ni ukolezi, yaani kiasi kilichomo katika lita moja ya damu kwa dakika ile uliyoitoa. Hayasemi mwili mzima una kiasi gani. Makosa mengi ya kutafsiri vipimo yanaanzia hapo, na potasiamu ndiyo inayoponza watu zaidi.

Glukosi kwanza, maana ni nyepesi. Ukiipata kwa mmol/L na daktari anazungumza kwa mg/dL, zidisha kwa 18: 28 inakuwa 504. Figo huirudisha glukosi yote kwenye damu mpaka ukolezi ukaribie 10 mmol/L. Ikizidi hapo vibebaji vya figo vinajaa, glukosi inapita kwenye mkojo na kuvuta maji pamoja nayo. Maji hayo hayatoki peke yake, yanaondoka na sodiamu na potasiamu. Ndiyo maana mgonjwa huyu amekauka ulimi ilhali amekuwa akikojoa bila kukoma.

Glukosi ile ile iliyobaki kwenye damu huvuta maji kutoka ndani ya seli na kuizimua sodiamu. Kwa kila 5.6 mmol/L ya glukosi iliyozidi 5.6, ongeza 1.6 kwenye sodiamu. Hapa ziada ni 22.4, yaani 5.6 mara nne, kwa hiyo ongeza 6.4: sodiamu yake halisi ni kama 138. Usikimbilie kuandika kwamba sodiamu iko chini.

Sasa, ketoni zimetoka wapi? Insulini ina kazi mbili ambazo wanafunzi hukumbuka moja tu. Ya kwanza ni kupandisha vibebaji vya GLUT4 kwenye utando wa seli za misuli na mafuta ili glukosi iingie. Ya pili ni kufunga breki kwenye akiba ya mafuta. Insulini ikikosekana, kimeng'enya cha lipesi kinavunja mafuta bila kizuizi na asidi za mafuta zinamiminika kwenye ini. Ndani ya mitokondria ya ini zinakatwa kaboni mbili mbili kuwa asetili-KoA. Kwa kawaida asetili-KoA huungana na oksaloasetati na kuingia mzunguko wa Krebs, njia ya seli ya kupata nishati, lakini wakati huu ini linaitumia oksaloasetati kutengeneza glukosi mpya, kwa sababu homoni zinaliambia mwili una njaa. Asetili-KoA inarundikana, na ini linaigeuza kuwa asetoasetati na beta-haidroksibutirati. Sehemu ya asetoasetati hujivunja yenyewe kuwa asetoni, na hiyo ndiyo harufu unayoisikia kwenye pumzi ya mgonjwa.

Kijiti cha kupima ketoni kwenye mkojo kinaitambua asetoasetati. Beta-haidroksibutirati hakiioni kabisa, na katika hali hii ndiyo nyingi: kwa kawaida hizo mbili hukaribiana kwa wingi (1:1), kwenye ketoasidosisi unaweza kufika tatu kwa moja au zaidi. Matibabu yakianza kufanya kazi, beta-haidroksibutirati inageuka kuwa asetoasetati, na kijiti kinaweza kukolea rangi wakati mgonjwa anapata nafuu. Kwa hiyo kijiti cha mkojo kinafaa kukutia shaka mwanzoni, lakini kwa kufuatilia maendeleo sikiamini. Tumia ketoni za damu, au kama hazipatikani, bikabonati na pengo la anioni.

Pengo hilo ni hesabu ya kutoa tu: sodiamu toa kloridi toa bikabonati. 132 − 95 − 8 = 29, na kawaida ni takriban 8 hadi 12. Kwa hesabu hii tumia sodiamu iliyopimwa, usitumie ile uliyoirekebisha. Ziada inakwambia kuna asidi ambayo maabara haikuipima kwa jina, na kwa mgonjwa huyu tunaijua: ketoni. Kila ketoni inapoachia ioni ya haidrojeni, bikabonati inaidaka na kutoa maji na kabonidayoksaidi. Bikabonati imeshuka kutoka 24 hadi 8 kwa sababu imetumika. Kwa kawaida haijamwagika popote.

pH ya 7.22 inaonekana karibu sana na 7.40, na macho yanadanganyika kwa sababu kipimo hiki ni cha logi. Kwenye 7.40 kuna nanomoli 40 za ioni za haidrojeni kwa lita, kwenye 7.22 zimefika 60. Ikishuka hadi 7.10 zinakuwa karibu 80, maradufu ya kawaida. Na isingekuwa mapafu, hali ingekuwa mbaya zaidi. Kuhema kule kwa kina, kulikoelezwa na Mjerumani Adolf Kussmaul mwaka 1874, kunafukuza kabonidayoksaidi ili pH isiporomoke. Unaweza kukagua kama mapafu yanatosha: bikabonati mara 1.5, jumlisha 8, ndiyo kabonidayoksaidi inayotarajiwa. Kwa mgonjwa wetu ni 20, na amepima 20, kwa hiyo anafidia ipasavyo. Angepima 32 na huku anaonekana ametulia, huyo amechoka kuhema, na utulivu wake ni hatari. Kwa sababu hiyo hiyo, mgonjwa wa namna hii hapewi dawa ya usingizi eti apumzike.

Potasiamu sasa. Kawaida ni 3.5 hadi 5.0, huyu ana 5.6, na mwanafunzi anasema ipo juu. Kwenye damu, ndiyo. Lakini karibu asilimia 98 ya potasiamu ya mwili iko ndani ya seli, ambako ukolezi wake ni kama 140 mmol/L. Inashikiliwa humo na pampu ya sodiamu na potasiamu, ambayo Jens Christian Skou aliieleza mwaka 1957: kwa kila ATP moja (molekuli ya nishati ya seli) inatoa sodiamu tatu na kuingiza potasiamu mbili. Insulini huichochea pampu hiyo. Isipokuwepo, potasiamu inavujia nje. Na glukosi nyingi inapovuta maji kutoka kwenye seli, potasiamu inafuata. Ikishafika kwenye damu, figo inaimwaga pamoja na ule mkojo mwingi. Kutapika kumeongeza hasara. Kwa hiyo mwili umepoteza potasiamu nyingi, huku damu, ambayo ni njia ya kupitia tu, ikionyesha ziada.

Sasa mpe insulini. Pampu inaamka, potasiamu inarudi ndani ya seli kwa kasi, na ile 5.6 inaweza kuporomoka ndani ya saa chache. Moyo haustahimili hilo. Ndiyo sababu miongozo inakataza kuanza insulini kama potasiamu iko chini ya 3.3 (mingine husema 3.5) mpaka kwanza irekebishwe. Ikiwa ya wastani na mkojo unatoka, huongezwa kwa kawaida mmol 20 hadi 30 kwenye kila lita ya dripu. Huyu wa 5.6 bado hapewi, ila hupimwa tena baada ya saa mbili, na kwa kawaida wakati huo huwa imeshashuka hadi mahali pa kupewa. Potasiamu haisukumwi mshipani kwa bomba la sindano hata siku moja. Huzimuliwa, huchanganywa vizuri, na huenda kwa kasi iliyopimwa.

Kuna swali lingine la kuuliza kabla ya kuiamini 5.6: sampuli ilichukuliwaje? Mkanda ukikaa mkononi zaidi ya dakika moja, au mgonjwa akikunja na kukunjua ngumi, misuli ya mkono inaachia potasiamu; damu ikisukumwa kwa nguvu kupitia sindano nyembamba, chembe nyekundu zinapasuka na kumwaga potasiamu yake. Sampuli ikiwekwa kwenye friji kabla ya kutenganishwa, pampu inalala na potasiamu inavuja bila chembe kupasuka, hivyo hutaona hata ile rangi ya waridi inayoletwa na chembe zilizopasuka. Kichupa cha kizibo cha zambarau kina EDTA, ambayo ni chumvi ya potasiamu na hunasa kalisiamu. Ukimimina kutoka humo kwenda kichupa kingine utapata potasiamu ya kutisha na kalisiamu ya chini mno kwa mtu anayezungumza nawe vizuri. Mchanganyiko huo wa majibu ni alama ya uchafuzi, rudia sampuli. Na usitoe damu juu ya mkono wenye dripu.

Insulini huendeshwa kwa uniti 0.1 kwa kilo kwa saa. Uniti 50 katika mililita 50 za salini ni uniti moja kwa mililita, hivyo kilo 60 ni mililita 6 kwa saa. Insulini hunata kwenye plastiki ya mrija, kwa hiyo pitisha na kumwaga mililita 20 za mchanganyiko kabla ya kumwunganisha mgonjwa, la sivyo saa ya kwanza mrija ndio unaotibiwa.

Glukosi itashuka mapema kuliko ketoni. Ikikaribia 14, wauguzi wengi wapya wanataka kuzima insulini. Usizime: insulini hapa inatibu asidi, na breki ya mafuta ikiachiwa ketoni zinaanza upya. Kinachofanyika ni kuongeza dekstrosi, yaani glukosi, kwenye dripu, na daktari anaweza kupunguza kasi ya insulini. Mantiki hiyo hiyo inaeleza kwa nini mgonjwa anayetumia dawa za kuzuia SGLT2 (kibebaji cha glukosi cha figo), kama dapagliflozini, anaweza kuwa na ketoasidosisi kamili huku glukosi yake ikiwa 11 tu: figo inaitoa glukosi, lakini ini linaendelea kupika ketoni.

Insulini ya mshipani hudumu dakika chache tu kwenye damu. Kwa hiyo ile ya muda mrefu ya chini ya ngozi hutangulia kwa saa moja hadi mbili kabla dripu haijaondolewa, na mrija ukichomoka usiku bila mtu kujua, pima ketoni na usitosheke na glukosi peke yake.