Bomba la mwendokasi nalo ni maabara

Nikisema raia wa kawaida wanaweza kusaidia kupima mipako ya kuzuia bakteria, ile inayopakwa juu ya vitu vinavyoguswa na watu wengi, wengi huguna: hiyo si kazi ya maabara?

Maabara ina nafasi yake. Kipimo cha kimataifa cha ISO 22196 huweka bakteria kwenye majimaji juu ya mpako kwa saa 24, nyuzi joto 35, unyevu usiopungua asilimia 90. Sasa panda mwendokasi, basi la haraka la Dar es Salaam, ya Kimara saa moja asubuhi. Bomba la kushikilia lina jasho, vumbi na mafuta ya maandazi, kisha upepo wa dirishani unalikausha. Mpako uliofaulu maabara unaweza kushindwa hapo, na hakuna profesa mwenye mikono elfu ya kuujaribu. Abiria wanayo.

Eti raia ataharibu takwimu. Katika jaribio la Touching Surfaces, la kupima nyuso za kuzuia bakteria, mwanaanga Matthias Maurer aligusa vibamba vya majaribio kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga, na wanafunzi mashuleni wakagusa vya aina hiyo hiyo. Kinacholinda takwimu ni utaratibu: eneo lipimwe kwa rula, saa iandikwe, na kando kiwepo kipande kisichopakwa. Darasani kwangu Temeke, binti wa kidato cha pili ndiye aliyependekeza tufunike alama za vipande kwa karatasi, anayehesabu bakteria asijue kipi kimepakwa. Nilifurahi mno, watafiti wakubwa hufanya vivyo hivyo.

Dhana ninayoipinga kila siku ni kwamba kinachong'aa ndicho safi. Chuma cha pua hung'aa bila kuua bakteria. Shaba iliyofifia huendelea kuwaua. Mwaka 2008 mamlaka ya mazingira ya Marekani, EPA, iliruhusu aloi za shaba, yaani shaba iliyochanganywa na metali nyingine, zitangazwe kwamba huua zaidi ya asilimia 99.9 ya bakteria fulani ndani ya saa 2, kwa sharti kwamba usafi wa kawaida uendelee na zisipakwe vanishi wala nta. Kwa hiyo kunawa kuko pale pale.

Hofu ya wazazi kuhusu visahani vya kuoteshea bakteria tuwahesabu, hiyo ni ya haki. Humo vinaota vijidudu tusivyovijua. Tunavifunga kwa utepe, tunahesabu bila kufunua, kisha vinapikwa kwa mvuke wa presha, nyuzi 121, dakika 15, ndipo vitupwe.