Jamhuri ya Sahrawi: acha kuhesabu nchi, tazama kiti cha Addis Ababa

Ni nchi ngapi zinaitambua Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kiarabu ya Sahrawi? Jamhuri hiyo inadai Sahara Magharibi, eneo ambalo Morocco nayo inadai ni lake na ambalo sehemu yake kubwa iko mikononi mwa Morocco. Tangu itangazwe Bir Lehlou, ndani ya eneo hilo, tarehe 27 Februari 1976, zaidi ya nchi 80 zimeitambua kwa nyakati tofauti. Nyingi zimefuta utambuzi huo au kuusitisha, baadhi zikarudi, kisha zikajitoa tena. Hesabu ya leo inategemea anayehesabu ni wa Rabat, mji mkuu wa Morocco, au wa Algiers, mji mkuu wa Algeria inayoiunga mkono Sahrawi, na haikusaidii sana kuelewa namna dola hii inavyoendelea kuwepo kidiplomasia.

Burundi iliitambua tarehe 1 Machi 1976, siku chache tu baada ya tangazo. Februari 2020 Burundi hiyohiyo ikafungua ubalozi mdogo Laayoune, mji mkubwa wa Sahara Magharibi ulio mikononi mwa Morocco. Desemba mwaka huohuo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ikafungua wake Dakhla, mji mwingine wa eneo hilo. Raia wa kuhudumiwa huko ni wachache mno, lakini konseli, yaani mkuu wa ubalozi mdogo, hawezi kufanya kazi bila kibali cha serikali mwenyeji. Nchi inayopeleka maombi ya kibali hicho Rabat inakubali kwa vitendo kwamba mwenye mamlaka Laayoune ni Rabat, hata kama haijatoa tamko lolote. Ndiyo maana Morocco inazitafuta ofisi hizi kwa bidii kubwa.

Kenya nayo inafunza jambo jingine. Iliitambua Sahrawi mwaka 2005, uhusiano ukasitishwa mwaka uliofuata, na ubalozi wa Sahrawi ukafunguliwa Nairobi mwaka 2014. Septemba 2022, siku moja baada ya kuapishwa, Rais William Ruto alitangaza kwenye Twitter kwamba Kenya imefuta utambuzi. Ujumbe uliondolewa, na Wizara ya Mambo ya Nje ikaziandikia balozi kwamba sera ya nje haiendeshwi kwa Twitter. Mei 2025 Kenya ikafungua ubalozi Rabat na kuusifu katika taarifa ya pamoja mpango wa Morocco wa kuipa Sahara mamlaka ya ndani. Msomaji wa taarifa kama hizo atenganishe mambo matatu: kuitambua dola, kuwa na uhusiano wa kibalozi nayo, na kuunga mkono suluhisho fulani la mgogoro. Nchi inaweza kuvunja uhusiano wa kibalozi wakati wowote ipendao. Kufuta utambuzi wenyewe ni suala la ubishi katika sheria ya kimataifa. Mkataba wa Montevideo wa 1933, kwa nchi zilizouridhia, unasema utambuzi haufutiki. Magazeti huyachanganya yote matatu katika kichwa kimoja cha habari.

Nguzo halisi ya Sahrawi ni kiti chake katika Umoja wa Afrika, wenye makao yake Addis Ababa. Ilipokelewa na mtangulizi wake, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, mwaka 1982, na ilipoketi kwenye mkutano wa wakuu Addis Ababa, Novemba 1984, Morocco ilijitoa. Mwenyekiti aliyechaguliwa katika mkutano huo alikuwa Julius Nyerere, ambaye Tanzania yake ilikuwa imeitambua Sahrawi tangu 1978. Umoja wa Afrika ulipozaliwa mwaka 2002, Sahrawi ilikuwamo tangu mwanzo.

Kuingia kwenye Umoja huo ni rahisi kuliko kumtoa aliyemo. Ibara ya 29 ya Mkataba wa Kuanzisha Umoja inataka wingi wa kawaida tu kumpokea mwanachama mpya, na kwa njia hiyo Morocco ilirudi Januari 2017. Kusimamishwa, kwa Ibara ya 30, kunazihusu serikali zilizoshika madaraka kinyume cha katiba. Kifungu cha kumfukuza mwanachama kwa sababu nchi nyingine haimtaki hakipo. Julai 2016, mjini Kigali, nchi 28 zilitia saini barua ya kutaka Sahrawi isimamishwe, na barua haikuzaa kitu. Ili Sahrawi itolewe, lazima Mkataba wenyewe urekebishwe: maafikiano au theluthi mbili ya kura, kisha nchi ziridhie kila moja kwa utaratibu wake wa kikatiba. Kwa sababu hiyo ugomvi umehamia kwenye mialiko na vibao vya majina. Agosti 2024, kwenye kikao cha maandalizi ya mkutano wa Japani na Afrika mjini Tokyo, wajumbe walishikana maungoni kwa ajili ya kibao cha Sahrawi mezani.

Jambo la pili linaloibeba Sahrawi ni kofia mbili. Mbele ya nchi zinazoitambua, mzungumzaji ni Jamhuri. Kwingineko ni Polisario, chama cha ukombozi kilichoitangaza Jamhuri hiyo, ambacho Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilikitaja mwaka 1979 kuwa mwakilishi wa watu wa Sahara Magharibi. Kofia hizi huchaguliwa kwa uangalifu mahakamani. Huko Afrika Kusini, nchi iliyoitambua Sahrawi mwaka 2004, Jamhuri yenyewe ilifungua kesi pamoja na Polisario: Mei 2017 meli NM Cherry Blossom ilizuiwa Port Elizabeth ikiwa na tani zipatazo 50,000 za fosfeti, madini ya kutengenezea mbolea, kutoka Sahara Magharibi zilizokuwa zikielekea New Zealand, na mwaka uliofuata mahakama ikaamua kuwa mzigo ni mali ya Sahrawi. Wasafirishaji wakaanza kuipitisha fosfeti hiyo Cape Horn, ncha ya kusini ya Amerika Kusini, mbali na bandari za Afrika Kusini. Luxembourg, mbele ya Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, mdai alikuwa Polisario. Oktoba 4, 2024 mahakama hiyo ilithibitisha kubatilishwa kwa mikataba ya uvuvi na kilimo kati ya Ulaya na Morocco, kwa kuwa watu wa Sahara Magharibi hawakuridhia.

Hoja hizi zinasimama kwa sababu Sahrawi hawajiiti waliojitenga. Sahara Magharibi ilikuwa koloni la Hispania, na tangu 1963 imo kwenye orodha ya Umoja wa Mataifa ya maeneo yasiyojitawala. Ninaamini hapo ndipo nguvu yao ilipo, kuliko katika barua zote za utambuzi.

Hata hivyo, New York upepo umegeuka. Azimio 2797 la Baraza la Usalama, Oktoba 31, 2025, limeufanya mpango wa Morocco kuwa msingi wa mazungumzo. Nchi 11 ziliunga mkono. Urusi, China na Pakistan hazikuegemea upande wowote, na Algeria haikupiga kura. Azimio hilo halikigusi kiti cha Addis Ababa, wala halizifuti hukumu za Luxembourg.