Kompyuta kujipunguza kasi kwa joto: maana yake na namna ya kuitambua

Kompyuta inawaka vizuri. Baada ya dakika ishirini za kazi feni inaanza kuvuma, kishale kinakwama na video inakatakata. Ukiizima ikapumzika nusu saa, inarudi kama hakuna kilichotokea. Wengi hapo husema ina virusi, inapelekwa kwa fundi, inapigwa Windows upya, na wiki haiishi hali imerudi ileile. Dalili ya kazi kwenda vizuri ikiwa ya baridi na kuharibika ikipata moto kwa kawaida haihusiani na virusi. Hiyo ni prosesa, chipu inayofanya hesabu zote za kompyuta, inayojipunguza kasi ili isiungue.

Ndani ya prosesa kuna vipima joto vyake. Prosesa nyingi za Intel zina kikomo cha nyuzi 100 za Selsiasi, au pungufu kidogo; za AMD Ryzen nyingi ni 90 au 95. Joto likifika hapo, prosesa inashusha mwendo na umeme inaoutumia, kwa kuwa umeme wote inaokula hugeuka joto. Prosesa yenye mwendo wa gigahezi 3.2 inaweza kuteremka hadi 0.8, na hapo hata kufungua faili la Excel ni shughuli. Joto likizidi kupanda licha ya hatua hiyo, kompyuta inajizima papo hapo bila onyo. Kwa hiyo uzito na kuzima ghafla mara nyingi ni ugonjwa mmoja katika hatua mbili.

Feni haitengenezi baridi. Inachofanya ni kupitisha hewa ya chumbani kwenye hitisinki, kile kipande cha chuma chenye mapezi membamba kinachokaa juu ya prosesa. Hewa ikiwa ya moto, prosesa nayo inapanda kwa karibu kiasi hichohicho. Chumba cha nyuzi 18 Arusha mwezi wa Julai na chumba cha nyuzi 32 chini ya bati Moshi mwezi wa Februari vinatofautiana kwa nyuzi 14. Mashine iliyokuwa ikicheza kwenye 84 Arusha itafika 98 Moshi bila kitu chochote kuharibika. Lakini Julai ya Arusha nayo ina mtego wake: laptopu inapakatwa juu ya blanketi, na matundu ya hewa ya chini yanazibwa yote.

Mkosaji mkubwa ni vumbi. Udongo wetu wa volkano huku Arusha na Moshi ukikauka unakuwa unga mwepesi unaoingia hata dirisha likifungwa, na nyumba iliyo kando ya barabara ya vumbi inaupata zaidi. Fungua laptopu iliyokaa miaka miwili bila kusafishwa, toa feni, utazame pale inapokutana na mapezi: utakuta utando wa kijivu, mnene kama kitambaa, unaobanduka mzima kwa kibano. Ukiangalia feni kwa nje unaiona safi, kumbe njia ya kutokea hewa imezibwa.

Kabla ya kufungua chochote, pima. Weka programu ya kusoma joto, HWiNFO au Core Temp, uangalie joto kompyuta ikiwa imetulia, kisha ukiipa kazi nzito kwa dakika kumi. Ikitulia, nyuzi 35 hadi 50 ni kawaida. Kwenye kazi, 60 hadi 85 si tatizo. Ikigonga 95 au zaidi huku gigahezi zikishuka, jibu umelipata. Gigahezi zikiwa zimeshuka lakini joto liko 55, usihangaike na vumbi: laptopu kadhaa hujibana hivyo zikiwa na chaja isiyo yake au betri iliyochoka. Na kama prosesa iko sawa ila diski inaonyesha asilimia 100 muda wote, shida iko kwenye diski.

Kusafisha: zima, chomoa waya wa umeme, toa betri kama inatoka, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi ili umeme uliobaki uishe. Shika feni kwa kidole isizunguke unapopuliza, kwa sababu ikizungushwa kasi kupita kiasi inaharibu beringi zake. Pulizia kutoka upande wa mapezi kurudi kwenye feni. Fanyia nje ya nyumba.

Kati ya prosesa na hitisinki kuna pesti inayojaza mianya midogo isiyoonekana kwa macho. Ikikauka inakuwa kama chokaa, na hewa, ambayo ni mpitishaji mbaya wa joto, inashika nafasi yake. Kila unapong'oa hitisinki lazima pesti ibadilishwe. Futa ya zamani kwa kitambaa kisichoacha nyuzi na spiriti ya asilimia 90 au zaidi, weka tone la ukubwa wa njegere kwa prosesa ya kompyuta ya mezani, dogo zaidi kwa ya laptopu, kisha kaza skrubu kwa mshazari, kidogokidogo, ili uzito usilalie upande mmoja. Kujaza pesti nyingi hakuongezi ubaridi.

Kompyuta ikizima wakati joto liko chini, geukia pawa saplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta ya mezani. Usiifungue: kapasita zake hushika umeme hata baada ya kuchomolewa, na zinaweza kuua. Ijaribu kwa kuweka nyingine iliyo nzima. Ikiwa inawaka, feni zinazunguka, lakini skrini ni nyeusi na inalia milio ya kujirudia, toa RAM (kipande cha kumbukumbu), safisha meno yake ya dhahabu, uirudishe hadi vibanio vyake vilie tak.

Kwa aliyenunua ya mezani ya mtumba, atazame nyuma ya pawa saplai kabla ya kuchomeka kwa mara ya kwanza. Baadhi zina swichi ndogo nyekundu yenye alama 115 na 230. Umeme wa Tanzania ni volti 230. Ukichomeka swichi ikiwa kwenye 115 utasikia mlio wa kupasuka na harufu ya kuungua, na pawa saplai itakuwa imekwisha. Waya ukiwa bado umechomolewa, sogeza swichi hiyo hadi 230 kwa ncha ya bisibisi.