Likizo ya mtu mkimya huku Kusini: salimia kwanza, ndo utulie

Meseji ninayopata kuliko zote ni hii, "naomba unitafutie bichi Mtwara au Lindi ambayo haina watu kabisa". Jibu langu ni kwamba haipo. Mwambao wote huu kuanzia Kilwa mpaka mdomo wa Ruvuma una wenyewe, kuna mvuvi anashona nyavu, kuna mama anaokota chaza, kuna watoto wametumwa kuni wakaamua kuogelea kwanza. Ukiukuta ufukwe mtupu saa hizo basi jua wenyewe wameenda kula, watarudi.

Kazi yangu ni kupangia watu safari za huku, na wateja wangu wengi ni wa aina moja, watu wa ofisini waliochoshwa na vikao na magrupu ya whatsapp na foleni, mtu anaanza kabisa na "mi introvati, sitaki stori na mtu siku tano". Nawaelewa sana, na mi mwenyewe ni wa hivohivo, si ndo maana naandika badala ya kupiga video. Ila wanakosea pa kuanzia. Wanahangaika kutafuta mahali pasipo na watu wakati wanachohitaji ni mahali ambapo watu wameshajua we ni nani na umefuata nini, maana hao ndo watakuacha.

Nieleze kidogo. Mtu mzima akikaa peke yake chini ya mnazi tangu asubuhi, haongei, hanywi, anaangalia maji tu, kijijini hiyo inasomwa kwa namna tatu, ni mgonjwa, ana msiba, au kuna jambo baya analifanyia mpango. Na kwakuwa watu wa huku wana huruma wanakuja kukujulia hali. Anakuja wa kwanza, "mgeni vipi, salama?" Unajibu salama. Nusu saa anakuja mwingine. Mchana mtoto analetwa na dafu ambalo hukuagiza, jioni umeshahojiwa na kijiji kizima na unarudi gesti umechoka kuliko ulivyokuja. Sa mwenzio aliyepita kwanza ofisi ya kijiji, akaandika jina kwenye kitabu cha wageni, akamwambia mwenyekiti au mtendaji "nimekuja kupumzika, nitakuwa nakaa kule ufukweni peke yangu, nikihitaji kitu nitasema", huyo dakika kumi tu ameshamaliza maneno yake ya wiki. Kuanzia hapo akikaa kimya kuna jibu tayari, yule mgeni wa mwenyekiti, kaja kupumzika, muacheni.

Kuna na sababu nyingine ya kujitambulisha ambayo siyo ya utani. Vijiji vya jirani na mto Ruvuma vinapakana na Cabo Delgado ya Msumbiji, na huko kumekuwa na mapigano tangu 2017. Kwahiyo ulinzi upo na mtu asiyejulikana anayezurura peke yake lazima aulizwe, na ni haki kumuuliza. Tembea na kitambulisho, usikae kambi porini upande wa mto, na kabla hujaenda huko uliza kwanza hali ikoje wiki hiyo.

Baada ya mwenyekiti chagua mtu mmoja tu wa kuzungumza naye, na mara nyingi ni mama atakayekupikia. Mwambie mapema, ukishamwamkia vizuri, "shikamoo mama, nimekuja kupumzisha kichwa, ukiniona nimenyamaza usidhani nimekasirika". Atakujibu marahaba mwanangu, haya, pumzika. Nakuhakikishia chakula utakuta kimewekwa mezani kimefunikwa kawa na yeye ameshaondoka. Usipomwambia atakaa na wewe mpaka umalize kula, kwasababu kumuacha mgeni ale peke yake kwake ni aibu. Na kama we ni mwanamke unasafiri mwenyewe basi huyu mama ni muhimu mara mbili, swali la mumeo yuko wapi atalijibu yeye kwa niaba yako kwa wote watakaouliza, na hakuna atakayekufuata kizembe.

Haya, wapi sasa.

Msimbati ndo naipenda kuliko zote. Ni kama kilomita 40 na kitu kusini mashariki ya Mtwara mjini, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma iliyoanzishwa mwaka 2000, kwahiyo kuna ada ya kuingia, unapewa kontroo namba unalipa kwa simu, fanya hilo ukiwa bado mjini ambako mtandao uko vizuri. Ukikaribia kule mchanga ni mwingi, gari dogo linakwama, chukua bodaboda ya mtu unayemjua au gari ya juu. Mchanga mweupe, mivinje, na ukiendelea mpaka Ruvula kwenye ncha kabisa matumbawe yako karibu na ufukwe kiasi kwamba ukiwa na miwani ya kuogelea huhitaji boti ya mtu. Kati ya Julai na Oktoba nyangumi wenye nundu wanapita bahari hii na ukibahatika unawaona wakipiga maji kwa mbali. Na hii hadithi wateja wangu wanaipenda: kuna Mwingereza mstaafu, Latham Leslie-Moore, alihamia Msimbati akajenga nyumba, na mwaka 1959 akaitangaza kuwa nchi huru, yeye ndo sultani. Mwishowe aliondolewa. Huyo alivuka mipaka ya uintrovati, ila ukikaa pale siku mbili unamwelewa alikuwa anawaza nini.

Kitu ambacho hakuna tovuti ya hoteli itakwambia ni kuangalia mwezi kabla hujaweka tarehe. Bamvua, yaani siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, bahari ya huku inatoka mbali sana, tofauti ya maji kujaa na kupwa inapita mita 3, na kupwa kwenyewe kunaangukia kama saa nne asubuhi, muda ambao we ndo umetoka na kitabu chako na taulo. Sasa hapo ufukwe ni sehemu ya kazi. Kina mama wametoka na fimbo za pweza, wengine wanatanda dagaa, watoto wanakusanya kome, kelele na vicheko, na wako sahihi maana hicho ndo chakula cha jioni. Huwezi kuwanunia. Wiki ya maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo yanageuka, maji hayatoki sana, saa nne asubuhi yamejaa vizuri ya kuogelea, mikondo imepoa, na kwakuwa miamba haijaanika watu wengi wanabaki na shughuli za mashamba. Ufukwe uleule, kijiji kilekile, tofauti ni wiki moja tu. Mi mteja akinipa tarehe zake kitu cha kwanza nacheki kalenda ya mwezi, bei baadae.

Mikindani ni ya yule mkimya anayetaka kitanda kizuri na kahawa. Iko kama kilomita 10 tu kutoka Mtwara, daladala zinapita, na juu ya kilima kuna Boma la Wajerumani la mwaka 1895 ambalo lilikarabatiwa likawa hoteli. Livingstone alishukia ghuba hii mwaka 1866 akaanza safari ambayo hakurudi nayo hai. Mji wenyewe ni nyumba za mawe za zamani, milango ya nakshi, magofu yaliyoota mizizi ya miti, na kutembea kwake ni asubuhi mapema baada ya swala au alasiri jua likishapoa. Mchana watoto watakuandama na "mzungu" hata kama we ni Msukuma. Hapa salamu ni sarafu, wazee wanakaa barazani na kila mmoja ana haki yake ya shikamoo, usipite kama umeme. Ukishapita barabara ileile mara mbili ukiwaamkia, ya tatu wananyanyua mkono tu na we unanyanyua, biashara imeisha.

Lindi mjini wengi wanapita tu, nadhani ni kosa. Unalala mjini, asubuhi unapanda kivuko au mashua unavuka ghuba kwenda Kitunda, na huko ng'ambo minazi na ukimya vipo vya kutosha, jioni unarudi mjini kula samaki. Bei ya mjini, utulivu wa kijijini.

Kilwa ina shida moja, mwongoza wageni. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ni urithi wa dunia tangu 1981, huendi bila kibali, unakichukua Kilwa Masoko, na unapewa mtu wa kukuongoza. Ni sawa, magofu yale yanahitaji mtu anayeyajua. Lakini mtu mkimya saa tatu za maelezo mfululizo zinammaliza. Dawa ni kumwambia mwanzoni kabisa, kabla chombo hakijang'oa nanga, "kaka, nipe historia yote kwenye Msikiti Mkuu, tukifika Husuni Kubwa naomba nizunguke mwenyewe". Hakuna aliyewahi kukataa, wengine wanafurahi wapate kivuli wapumzike. Husuni Kubwa ni kasri la karne ya 14 liko kwenye mwamba juu ya bahari, mbali na kijiji, na kuna birika la kuogea la pembe nane. Kaa pale. Kama una siku ya ziada na tumbo linalostahimili mawimbi nenda Songo Mnara, watalii ni wachache zaidi maana ni mbali kwa chombo na mwishoni unashuka kwenye maji unatembea kwenye mikoko, ndo maana wenye viatu vizuri hawaendi.

Sio lazima bahari lakini. Watu wanasahau kabisa bara. Ndanda, barabara ya Masasi, kuna abasia ya Wabenediktini iliyoanza 1906, chini ya ukingo wa uwanda wa Makonde, maji ya chemchemi, miti, hewa ya baridi kiasi. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto inawataka watawa wapokee kila mgeni kana kwamba ni Kristo, na wanampokea kweli, ila piga simu kwanza uulize nafasi. Uzuri wake kwa mtu wetu ni kwamba pale kunyamaza ndo kawaida ya nyumba. Hakuna atakayekuuliza mbona kimya. Huhitaji kuwa Mkatoliki, unahitaji kuvaa kwa heshima na kufuata muda wa kula. Kwa ujumla kama huna pa kulala popote huku Kusini tafuta hosteli za makanisa kabla ya gesti, sababu gesti nyingi zina baa ubavuni na tivii sebuleni inayoongea mpaka saa saba usiku, hosteli geti linafungwa mapema na hakuna miziki. Tena bei zinakaribiana.

Newala ni ya kuangalia tu. Unapanda juu ya uwanda, unafika ukingoni pale wanapopaita Shimo la Mungu, na bonde la Ruvuma linajifungua chini yako mpaka Msumbiji. Nenda Juni au Julai na koti, usicheke, asubuhi kuna ukungu na baridi ya kweli. Hamna shughuli ya kufanya, we leta kiti. Rondo upande wa Lindi nako kuna msitu mzuri na komba mdogo anayeitwa kwa jina la palepale, ila barabara ni ya kujitoa, sipeleki mtu kipindi cha mvua.

Kuhusu muda wa kuja. Mvua huku ni msimu mmoja mrefu, kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili hivi, na mwisho wake ndo mbaya zaidi, Mei 2024 mvua na Kimbunga Hidaya zilikata barabara ya kuja Kusini maeneo ya Somanga watu wakalala njiani. Juni na Julai hali ya hewa ni tamu lakini likizo za shule zinaleta jando na unyago, na ngoma za jando hazina saa ya kulala. Kama unapenda ngoma ni raha, kama umefuata ukimya muulize mwenyeji wako kijiji chake kinatoa wali, yaani vijana wa jando na unyago, mwaka huu au hapana, atakwambia tarehe kabisa. Mi chaguo langu ni mwisho wa Agosti mpaka Septemba, kusi, ule upepo wa kusini, imepungua nguvu, bahari safi, na nyangumi bado wapo.

Oktoba minada ya korosho inaanza. Masasi, Newala, Tandahimba, gesti zinajaa wanunuzi na madereva wa malori, na pesa ikishaingia kijijini kila mtu ana spika mpya, pikipiki mpya na harusi. Ni haki yao kabisa, wamesubiri mwaka mzima, ila chumba utakipata kwa kubembeleza na bei siyo ile.

Na nyie mnaonitumia meseji kila mwaka mnataka kuja Desemba, joto, korosho, likizo, ngoma, Krismasi na ndugu wote wamerudi kutoka Dar: hapana.